Kilima Nyuma ya Ua

Vumbi lilikuwa bado kwenye kope zako, Yerka, na ulikuwa tayari umepandisha sauti. "Sizitumi, mama. Nimeshasema." Hata viatu hukuvua. Uliingia na jangwa hadi jikoni, likatua juu ya meza, juu ya mkate, juu ya parachichi nililokupondea.

"Basi umempigia nani picha zote hizo?" nikakuuliza. "Ukuta?"

Nilijua unachoogopa. Msimu wa maua uliopita ulipeleka picha moja ya ua la jangwani kwenye hifadhi ya picha za sayansi, kule ambako watafiti wa kila nchi huweka walichokiona. Ulificha jina la bonde. Ulificha vipimo vya ramani. Ulificha kila kitu, mwanangu, ila kilima. Kilisimama nyuma ya ua na nundu zake mbili, na kila aliyekulia hapa Huasco akakijua. Wezi wa mizizi, wale wanaochimba maua wakayauze, hawasomi ramani, wanasoma vilima. Uliporudi bondeni ulikuta mashimo, yamekodoa macho mbinguni.

Picha ukaiondoa. Tangu hapo unapiga na kufungia. Unapiga na kufungia.

Lakini ua halifungiki. Ukucha wa simba, ndivyo tunavyoliita ua letu, hulala chini ya mchanga mwaka hadi mwaka, jua likipita juu yake, mbuzi wakipita juu yake, watu wakisema hapa hapana kitu. Kisha mvua inanyesha, mvua ya kweli, nao unatambaa, unatambaa, unanyanyua kichwa chekundu kama mdomo wa tanuri.

Hapa hapana kitu. Ndivyo walivyoandika wale wanaotaka kujenga barabara ya mgodi. Walilitafuta bonde letu kwenye hifadhi ile ya picha, wakakuta patupu, wakachora mstari katikati yake. Kikao chao cha kuipitisha ni wiki ijayo.

"Watu wakijua ua lilipo, wataling'oa," ulisema.

"Wasipojua, watalimwagia lami."

Ukafungua kompyuta juu ya meza. Nikakaza. "Jina la bonde wape watunzaji wa hifadhi peke yao. Serikali ikiuliza, wao watajibu: lipo. Watu wengine wape ua."

"Na kilima?"

Nikaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, nikakifunika chote. "Kata hapa."

Ulicheka bila kutaka. "Mama, wewe ungekitambua hata ukionyeshwa kiwiko chake."

"Na wewe ulikipiga kizima, kama bwana harusi."

Tukakata, bega kwa bega, chai ikipoa. Tukakata nundu, tukakata mgongo, tukakata njia ya mbuzi. Kadiri kilima kilivyotoka, ndivyo ua lilivyokuja karibu, hadi tukauona unyoya wa jani, hadi tukaona chembe ya mchanga imekwama kwenye shina. Kwenye picha moja mkono wako ulisita. Alfajiri ilikuwa imezikalia nundu zile mbili, na mwanga unateremka kama maziwa.

"Hii ni nzuri, mama."

"Nzuri, ndiyo. Kata."

Ukakata.

Ikabaki video. Nyuki anazunguka, anaingia katikati ya wekundu, anapotea, anatoka mzito. Nyuma yake ni mchanga tu. Sauti haina, ila upepo. Na ndani ya upepo nilisikia pumzi yako uliyoibana kisha ukaiachia, nikajua ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kokoto, binti yangu, ukimsubiri mdudu. Hiyo hatukuigusa.

"Watakuja tena kuchimba?" uliniuliza.

"Labda. Lakini safari hii watakosa wa kuwaelekeza."

Ulivuta kiti. Uliandika jina la bonde pale wanaposoma watunzaji tu, ukalifunga. Kisha ukabonyeza. Picha zikaenda, moja nyuma ya nyingine, na video nyuma yake.

Kidole chako kiliacha alama kwenye kitufe: vumbi la bondeni, vumbi lililolala na mbegu. Mimi ninayefagia nyumba hii kila asubuhi nilishika kitambaa, nikakitazama, nikakirudisha msumarini.