Pini ya Kumi na Mbili

Pini zilizoingia kazini zilikuwa kumi na mbili. Zilizorudi kwenye kopo zilikuwa kumi na moja.

Profesa, aliyepewa jina hilo nyumbani kwa kujua kila kitu isipokuwa kufua, alizihesabu tena kando ya cherehani. Hesabu haikubadili msimamo. Akapiga magoti, akapapasa sakafu yote. Patupu.

Basi ilikuwa ndani ya mfuko wa godoro aliomshonea mpwa wake wa wiki tatu. Na mpwa alikuwa amelala juu yake.

Haya yote ni matokeo ya ufundi wa kujitakia. Mwingine angepiga mshono mmoja akaenda zake. Yeye aliukunja mara mbili, pini zikiwa zimelazwa humo kwa urefu, ili nyuzi zisionekane, utadhani kichanga kingekuja kukagua.

Akanyata hadi chumbani. Dada yake alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu.

"Unaenda wapi?"

"Kumwangalia tu, dada."

"Mwangalie ukiwa hapo hapo. Siku tatu sijalala. Ukimwamsha, Profesa, utamnyonyesha wewe."

Kutoka pale mlangoni Profesa alimwona mtoto akigeuza kichwa, shavu likasogea karibu na mshono. Angeweza kunyamaza, akasubiri aamke mwenyewe.

"Dada, kuna pini kitandani."

"Pini ya nani?"

"Yangu. Nimeishona ndani."

Kufumba na kufumbua dada alikuwa amekwisha kumnyanyua mtoto, naye mtoto akatoa yowe la kuwafikia hata majirani wasiohusika. Profesa akauvua mfuko, akaanza kuuminya mshono kidogo kidogo. Upande wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Katika upande wa tatu kidole gumba kikachomwa. Ncha ilikuwa imetokeza nje, shubiri moja tu kutoka pale lilipokuwa shavu.

Dada akaitazama pini, kisha tone la damu kwenye kitambaa cheupe. Profesa akainamisha kichwa kungoja hukumu, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye uzoefu.

"Mshike."

"Mimi? Na akilia?"

"Si analia tayari?"

Akamkabidhi mtoto, akajitupa kitandani kwake na viatu vyote, akageukia ukutani.