Jicho Chini ya Sala ya Mama Valérie

Kijijini Kalembe, mtu akisali kwa sauti katikati ya shamba lake, haingiliwi. Mpita njia akimkuta hukohoa akiwa bado mbali, kisha hushika njia nyingine, hata kama hiyo nyingine ina matope. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Mtoto hulijua kama anavyojua kufungia kuku jioni.

Mama Valérie, mjane anayelima maharagi na mihogo, alisali shambani miaka yote. Kisha Noël, mwanawe anayefanya kazi Goma, akamtumia telefone kubwa ya kugusa kwa kidole. Muuza vocha wa sokoni alimwingizia namba za watu: wanakwaya, katekista, majirani, shemeji yake, na Papa Athanase anayenunua maharagi kutoka Kalembe mpaka Burungu. Namba za watoto wake wawili hakutaka ziingizwe.

"Hizo ziko mu kichwa," alisema. "Mama anaandika mutoto wake juu ya nini? Kwani atamusahau?"

Akitembeatembea ndani ya telefone hiyo, siku moja alifika kwenye statu. Aliona kwamba ukibonyeza unaweza kusema maneno yako, na telefone haikuulizi unamtumia nani. Maneno hukaa siku moja, kisha hupotea yenyewe kama moshi wa ubani. Chini yake hutokea jicho dogo na namba. Mama Valérie alipiga ishara ya msalaba. Kanisani kwao, juu ya altare, kuna jicho kama hilo lililochorwa ndani ya pembetatu. Alielewa mara moja: Mungu ameona, na namba ni mara alizotazama.

Jioni ya kwanza jicho lilionyesha arobaini.

"Ee Bwana," alisema huku machozi yakimtoka, "mara arobaini, kwa mtu wa muhogo kama mimi!"

Tangu hapo kila jioni alipanda mteremko wa nyuma ya kanisa, mahali pekee ambapo rezo, mtandao wa telefone, inashika vizuri, akasali ndani ya telefone. Na sala zilijibiwa kuliko zamani. Aliomba chumvi, jirani akaleta chumvi, akisema imezidi tu nyumbani kwake. Aliomba Bwana afupishe mahubiri ya katekista kwa sababu ya magoti yake; Jumapili katekista akamaliza kabla watoto wachanga hawajaanza kulia. Aliomba mnunuzi wa maharagi upesi, kwa maana ghala linavuja. Asubuhi Papa Athanase alikuwa mlangoni na magunia matupu, akitoa bei ya mtu anayejua kwamba ghala linavuja. Hapo Mama Valérie alishangaa kidogo, lakini akajilaumu kwa imani haba.

Kijiji kizima kilikuwa kinamsikiliza. Wakikutana njiani jioni, watu waliulizana, "Mumeshasikia masifu ya leo?" Hakuna aliyemwambia. Wengine waliona kunyamaza ni heshima. Wengine waliogopa ataacha. Watoto wake peke yao hawakujua, kwa maana statu huwafikia tu wale ambao namba zao zimo ndani ya telefone.

Ndipo likaja jambo la Solange, binti yake. Solange alimpenda Fiston wa Burungu na hakutaka mwanaume mwingine. Mama yake naye hakutaka mkwe mwingine. Lakini siku ya kuposa ina desturi yake. Upande wa msichana hujifanya haujasikia lolote. Wageni huulizwa kama wamepotea njia, huambiwa msichana bado mdogo, na lazima waombe na waombe tena. Familia inayokubali haraka hudharauliwa, na binti hubeba dharau hiyo ukweni mpaka uzee. Mama Valérie alikuwa amesali sana juu ya siku hiyo.

Wageni walifika mchana. Papa Grégoire, shemeji yake, alisema kwa niaba ya nyumba. Msemaji wa kina Fiston alikuwa Papa Athanase. Kando yake aliketi Mama Céline, mama yake Fiston, ambaye telefone yake ni ndogo ya vibonyezo na haijui statu.

"Mumepotea njia?" Grégoire aliuliza.

"Hatukupotea, Papa. Tuliona ua muzuri mu hii nyumba."

"Ua? Hapa kuko mihogo tu. Na kama ni Solange, ule mutoto angali mudogo. Mama yake hata hafikiri mambo ya ndoa. Njo vile, Mama Valérie?"

"Njo vile," alikubali Mama Valérie, akitazama ukuta kama mtu aliyechoshwa na wageni.

Athanase alicheka. Harufu ya nyama ilikuwa imeshamfikia. "Papa Grégoire, juu ya nini tunapoteza wakati? Mama mwenyewe alishasema."

"Alisema na nani?"

"Na batu bote!"

Akatoa telefone, akabonyeza. Sauti ya Mama Valérie ikajaa nyumba:

"Bwana, wasibadili mawazo. Kesho nitajifanya mkali, unisamehe uongo huo. Lakini wakitaka Solange nitawapa hata kabla hawajakaa."

Grégoire alitazama viatu vyake. Mama Valérie kwanza alidhani ni malaika anamwiga.

Sasa, statu ina tabia yake: ya kwanza ikiisha, inayofuata huanza yenyewe. Na Athanase hakuwa mwepesi wa vidole.

"Tena Bwana, nipe nguvu ya kula bugali ya Mama Céline. Wewe uliyeponya vipofu, ponya ile bugali. Ina mabonge kama barabara ya Walikale."

Mama Céline alisimama, akajifunga kitenge upya. "Fiston, twende."

"Mama, ngoja kidogo…"

"Ningoje nini? Bugali yangu iko barabara? Basi tupite, twende kwetu!"

Solange alikuwa ameingia na sinia ya nyama. Alibaki ameishika. Athanase alibonyeza kila mahali isipokuwa panapotakiwa, na sauti ikaendelea:

"Na Papa Athanase, Bwana, anayefuata kila posa kwa sababu ya nyama. Umzuie mkono atakapojipakulia mara ya tatu."

Mama Céline alikuwa tayari mlangoni. Mabega yake yalianza kutikisika, na Fiston akadhani analia.

"Mara ya tatu!" alisema akigeuka, akishikilia mlango kwa kicheko. "Eh, Mama Valérie! Kwa dada yangu alifikisha ya ine!"

Mama Valérie hakucheka. "Solange, mimi nilisema na jicho ya Mungu tu. Sauti yangu ilifika namna gani mu telefone ya huyu?"

Solange aliweka sinia chini, akachukua telefone ya mama yake. "Mama, hili jicho haiko ya Mungu. Ni batu. Ukigusa hapa, unaona nani alitazama."

Akagusa. Katekista. Jirani wa chumvi. Kwaya nzima. Athanase. Grégoire.

"Na weye, Shemeji?"

Papa Grégoire akakohoa.

"Sasa njo unakohoa!" Mama Valérie alisema. "Mukinikuta mu shamba munakohoa tangu kule ku mto. Humu mumeniangalia miezi yote, hakuna hata mumoja alikohoa!"

Mama Céline alirudi polepole, akaketi mbele yake.

"Mimi sikutazamaka. Nimesikia leo, na nimesikia weye ukiwa hapa." Akanyoosha vidole vyake vilivyovimba. "Bugali ni hii mikono, Mama. Inauma, siwezi kusonga mpaka mwisho. Solange atasonga."

Mama Valérie aliitazama mikono hiyo. Kisha akakaa wima, akageuzia macho ukutani.

"Solange? Ule mutoto angali mudogo."

"Tunaomba, Mama," alisema Mama Céline kwa unyenyekevu mkubwa. "Tunaomba sana."

Wakaanza tena tangu mwanzo, kwa ugumu wote unaotakiwa. Wageni waliulizwa tena kama wamepotea njia. Nyama ilipoa kabisa kabla Solange hajatolewa, na Papa Athanase, aliyekatazwa kusema, alipakuliwa wa mwisho, mara moja.

Jioni Mama Valérie alipanda mteremko, akasema ndani ya telefone: "Asante Bwana kwa Solange." Namba chini ya jicho ikaanza kupanda. Kisha telefone ikalia. Katekista ametuma sauti. Akaifungua. Kikohozi. Akafuata jirani: kikohozi. Ikaja kwaya, sauti nyembamba kwanza, halafu zile nzito.

Alizisikiliza zote, akazima telefone. Akashuka mpaka shambani, katikati ya maharagi, ambako rezo haifiki. Juu ya Papa Athanase bado alikuwa na mengi ya kumweleza Mungu.