King'ora Kilichonyamazishwa

Hajji Sebti, mwenye kiwanda cha samaki, alimfukuza binti yangu Zhour kwa mdomo tu, mbele ya meza za dagaa, wenzake wameshatoka, kwa kuwa aliuliza mbona jina lake halimo kwenye mfuko wa wafanyakazi. Kisha akaeneza kwamba Zhour kaacha kazi mwenyewe. Na anayeacha mwenyewe hana kiinua mgongo, hata kama ujana wake wote umeishia kwenye vichwa vya samaki.

Mkaguzi wa kazi alituambia, "Nileteeni watu waliosikia mkizuiwa getini. Mwisho kesho."

Hapa Asfi samaki hawana saa. Mashua zikifika, kiwanda hupiga king'ora, wanawake hukimbia. Nasi tulikuwa tukikimbia, Zhour na aproni yake, lakini Kabbour bawabu alingoja wenzetu waingie kwanza, ndipo anong'one, "Rudini, Bi Tamou." Nani alisikia?

Siku ile ya mwisho tulikaa mlangoni kwetu tangu alfajiri. King'ora hakikulia. Zhour akaanza kuvua mabuti.

"Leo hakuna samaki, mama. Basi tena."

"Vaa!" Nilikuwa nimetazama juu. Shakwe walijazana juu ya bomba la moshi la kiwanda, wanapiga kelele kama wafiwa. Shakwe hawafuati moshi mtupu. Hajji kawaita wanawake kwa simu, king'ora kakinyamazisha kwa ajili yetu.

Magoti yangu yalishasahau kukimbia, lakini yalikimbia. Basi la wanawake lilikuwa getini, lango bado limefungwa. Zhour akajipenyeza mbele ya basi.

"Kabbour, nifungulie. Nimekuja kazini."

Kabbour akaangalia dirisha la Hajji ghorofani. Jasho likamtoka. "Dada, utanimwagia unga," akanong'ona.

"Wangu ushamwagika. Sema kwa sauti!"

Ndani ya basi mmoja akacheka. "Kabbour, umekwamwa na mwiba wa dagaa?" Wengine wakashusha vioo.

Nikamsogelea Kabbour. "Mwanangu, sikuombi ufungue. Mkatalie kama ulivyotumwa. Ila mkatalie asikike."

Akavuta pumzi. "Hajji kanikataza!" akapaza. "Kasema kamfukuza Zhour, asikanyage hapa tena!"

Dirisha la juu likafungwa kwa kishindo.

"Mmesikia?" Zhour akauliza.

Wa kwanza kushuka alikuwa yule aliyecheka. "Nimesikia, shoga. Twende kwa huyo mkaguzi." Zhour akaanza kufungua kamba za aproni yake.

Nikamshika mkono. "Usiivue, mwanangu. Wataapa umeacha kazi."

Akaifunga tena, akaikaza, tukaondoka.