Mboga Bila Karanga

Nimechoka, jamani. Kusoma kila pakiti, kuuliza kila mwenye jiko, "Hapa hamna karanga?" mpaka majirani hapa Tunduma wanasema naringa.

Mwanangu Faith ana miaka minne. Majibu ya damu yalipotoka, daktari aliniwekea kidole kwenye namba ya karanga: iko juu. "Namba haikwambii atavimba kiasi gani," akasema. "Inakwambia mwili wake unazikataa. Asionje hata chembe. Akibanwa pumzi mkimbize hospitali, usisubiri."

Haya, kamwambie hayo mama mkwe wangu Tabita, mtu wa Mbozi, ambaye huja kukaa nasi mara kwa mara! Kwao mboga bila karanga ni chakula cha mgonjwa. "Kidogo kidogo atazoea," alisema nilipomweleza. Nilimfokea. Tangu hapo akapika bila karanga, asinung'unike, na mimi nikawa namchunga kama mwizi.

Jumatatu Faith alikunywa nusu kikombe cha uji aliopika bibi yake, midomo ikavimba, kifua kikaanza kukoroma. Bodaboda, hospitali, sindano. Alipotulia nikarudi kuchukua nguo, nikamkuta mama mkwe jikoni. Maneno niliyomtolea, Mungu anisamehe! "Unataka kumuua mjukuu wako ili tu uonekane unajua?" Alikusanya nguo zake, akapanda gari kurudi kwao Nanyala.

Leo nimepeleka mahindi mashineni. Aliyenitangulia alikuwa anasagisha lishe: mahindi, soya, ulezi, karanga. Alipomaliza tu, Osward mwenye mashine akamimina mahindi yangu juu ya mabaki yake. Hapo nikakumbuka. Jumamosi nayo nilitanguliwa na mwenye lishe, nikasubiri zamu yangu huku napiga soga, nikabeba unga ule wa uji kwa mikono yangu, najisifu kuwa ni mahindi matupu.

Nilikaa juu ya gunia nikampigia simu mama mkwe. Kabla sijasema shikamoo, akaniwahi.

"Mtoto anapumua?"

"Anapumua, mama. Mama, ni mimi. Ni unga niliousagisha mimi." Nikalia mbele za watu, sikujali.

"Basi usimpe tena unga wa mashine," akasema. "Nitamtwangia. Nina kinu kipya, nilikichongesha kwa ajili yake mwezi uliopita. Hakijaona karanga."

"Mbona hukukileta, mama?"

"Nilikuogopa, mwanangu. Nilijua hutaniamini."