Masaa Nane Niliyoyakwepa

Gari lile lilikuwa na injini mkiani. Naliandika hili mwanzo kabisa ili msomaji asije akadhani sikujua. Nilijua. Nililisoma gari hilo kama ninavyosoma kila kitu tangu nilipoanza shule ya jioni, wakati huo nikiwa dereva wa lori mwenye miaka thelathini na minne na watoto watatu: daftari, rula, kalamu ya bluu kwa maelezo na nyekundu kwa vichwa vya habari. Nilinakili uzito wake, urefu wake, upana wa matairi yake. Kurasa kumi na moja. Kilichobaki kilikuwa kuliendesha.

Binti yangu wa mwisho ni fundi wa majokofu. Ni mwaka wa sita sasa anashindana mbio za magari za kwenye kompyuta, na kifaa chake amekiunda mwenyewe hapa nyumbani, katika chumba alichokulia. Kiti amekitoa kwenye gari bovu, akakifunga kwa boliti kwenye fremu ya mbao. Usukani uko mbele, pedali tatu chini, na kioo kikubwa usawa wa macho. Kila mshindani anakaa kwake, magari yanakutana mtandaoni. Timu ni ya watu wawili wanaopokezana kiti. Mwenzake alipopata uhamisho wa kazi na kuacha, binti yangu aliniomba mimi.

"Miaka arobaini na moja barabarani, Baba, na hujagonga hata kuku," alisema. "Nimtafute nani mwingine?"

Sitaficha kwamba nilivimba kichwa.

Msimu mzima tuliendesha gari dogo, injini mbele, tabia ya upole. Nikalizoea. Tulipofika mbio za mwisho hesabu ilikuwa nyepesi: tukimaliza katika tatu bora, tunapanda daraja la kwanza. Daraja hilo binti yangu alikuwa amelikosa misimu mitatu mfululizo, mara moja kwa pointi mbili tu.

Lakini mbio za mwisho zina desturi yake. Wiki moja kabla, waandaaji wanapiga kura, na kila timu inapewa gari ambalo haijawahi kulishika. Wanataka kujua nani ni dereva na nani amezoea tu. Sisi tukaangukiwa na hilo la injini mkiani.

Binti yangu alilijaribu jioni ile ile, akashuka kitini fulana imelowa jasho.

"Baba, hili lina kisirani. Ukiwa katikati ya kona ukaogopa, usiachie pedali ya mafuta. Ukiachia, mkia unakuja mbele. Shikilia hivyo hivyo, kidogo tu, litatulia."

"Ukipunguza ghafla, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakosa mshiko," nilimjibu, nikifungua daftari. "Ukurasa wa nne."

"Kichwa kimeelewa. Mguu je?"

"Mguu huu ndio uliokulisha wewe."

Alicheka. "Haya, yaishe. Lakini nipe masaa kumi kitini kabla ya Jumamosi. Mimi nikiwa kazini, wewe kaa. Kumi tu, Baba."

Nilikaa mawili. Kona moja ilinizungusha mara tisa, na mke wangu akawa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mzee, huko unakokwenda ni wapi? Mbona kila saa unarudi?"

Nikazima mashine. Nikajiambia kwamba gari la kweli mtu analisikia kiunoni, na kompyuta haina kiuno. Siku zilizobaki niliketi mezani nikinakili upya daftari langu kwa mwandiko mzuri zaidi. Ijumaa binti yangu aliingia na sanduku lake la vifaa, akalitua mlangoni.

"Masaa yametimia?"

"Yametimia."

Alienda chumbani kwake, akakaa huko kidogo. Alipotoka alinitazama, kisha akaenda kunawa mikono.

Jumamosi mchana alianza yeye, dakika hamsini. Nilisimama nyuma ya kiti. Alilipeleka gari lile kama mtu anayebeba sufuria la maji ya moto katikati ya watoto, bila papara na bila kumwaga tone. Alipita mmoja, akapita mwingine, akatuweka nafasi ya pili. Nyuma yetu alikuwa mpinzani tunayemwita Kinyozi, maana ndiyo kazi yake, na sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Fundi, leo umeiba gari la nani?"

"Lako. Kachungulie nje."

Kisha ikawa zamu yangu, dakika thelathini, maana sheria inataka kila dereva atimize kiasi hicho.

"Ohoo, mzee kaingia! Shikamoo, mzee. Nakuja kukunyoa."

"Marahaba. Njoo na wembe mkali, ndevu zangu ngumu."

Binti yangu alicheka, akaniwekea mkono begani. Kwa dakika ishirini na nne mambo yalikwenda. Kinyozi alinipita, kweli, lakini nafasi ya tatu ilitutosha, na wa nne alikuwa mbali.

Kona ile iliyonizungusha mara tisa ni ndefu, inakwenda kushoto huku ikiteremka. Niliingia na mwendo uliozidi kidogo. Mkia ukacheza. Wakati huo kurasa zote kumi na moja zilikuwa kichwani mwangu, hata rangi ya wino niliiona. Lakini mguu wangu haukwenda shule ya jioni. Ulifanya kile kilichoniokoa mara nyingi nikiwa na tani thelathini za saruji mteremkoni. Uliachia mafuta.

"Baba, shikilia!"

Gari lilizunguka kama pia, likapiga ukuta kwa ubavu, likasimama likiangalia tulikotoka. Hadi ninaligeuza, magari manne yalikuwa yameshapita. Tulimaliza wa saba.

"Pole, mzee," alisema Kinyozi. Hakuongeza utani, na hilo liliniuma kuliko utani wowote.

Binti yangu alizima spika. Ningefurahi kama angenifokea.

"Nilikudanganya," nilisema. "Sikukaa masaa kumi."

"Najua. Mashine inaandika, Baba. Mawili na dakika sita. Niliona jana."

"Na bado ukaniachia kiti?"

Alikuwa ameinama akichomoa waya. Alijibu bila kejeli, na heri ingekuwa kejeli.

"Tangu mdogo, ukisema jambo umelifanya, nilikuwa siendi kuangalia. Jana ndiyo mara ya kwanza. Nilipoona, nikasema labda wewe huhitaji kumi."

Msimu mpya umeanza. Yuko daraja lile lile la pili, na mwenzake sasa ni dada mmoja muuza dawa. Hakuniomba, nami sikuuliza.

Mchana akiwa kazini, naingia chumbani kwake na kulichagua gari lile lile. Daftari naliacha mezani. Jana nilipita ile kona ya kushoto mara kumi na mbili bila kuachia mafuta. Mke wangu alikuja mlangoni.

"Leo umefika?"

"Bado."

Nimeshamaliza yale masaa nane, na matatu juu yake. Sijamwambia binti yangu. Mashine inaandika. Akitaka kuangalia, ataangalia.