Dawa Tatu za Foleni ya Mpanda

Foleni ya Mpanda ukiisimulia Dar es Salaam watakucheka. Mimi nimekuwa utingo wa malori tangu ndevu hazijaota, nimelala kwenye misururu ya Tunduma mpaka sabuni ikaniishia, kwa hiyo najua foleni ni kitu gani. Ya kwetu haina ukubwa huo. Ni barabara moja ya lami inakatiza mjini, na kila mwenye haja nayo anasimama juu yake. Bajaji inashushia katikati, bodaboda inachomekea, lori la mpunga linauliza njia, na ng'ombe wa mtu wanavuka bila kuangalia kulia wala kushoto. Ni foleni ya watu wachache wasiotaka kupishana, na hiyo inachosha roho kuliko ya watu wengi.

Mwenyekiti wa kamati ya barabara hiyo ni shemeji yangu Gratien, aliyemuoa dada yangu Athanasie. Mwaka huu nilikuwa nimefikia kwao Misunkumilo, pembeni ya mji, kusubiri harusi ya mpwa wangu Spès, kisha niondoke zangu, maana nikikaa sehemu moja sana naumwa miguu. Gratien akaniburuta kwenye kikao.

"Muramu," akaniambia, ndivyo tunavyoitana mashemeji kwa Kirundi, "wewe umetembea. Njoo uwaambie mijini wanafanyaje."

Nikaenda. Mapendekezo yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na mwenyewe.

La kwanza la Injinia Arcade, kijana mpole mwenye ramani. Alitaka malori yote yasiingie mjini, yapite mchepuko wa vumbi wa Misunkumilo.

"Mchepuko!" akadakia Skolastika, anayeuza vitenge sokoni. "Miaka yote tunawakataza, leo umepata na injinia!"

"Mama, naongelea barabara."

"Na mimi naongelea barabara. Si ndiko mnakosemaga mmechelewa?"

Wanaume wakaangalia dari. Pendekezo la pili lilikuwa lake Skolastika: bajaji zitoke mbele ya soko, kijiwe kihamie barabara ya nyuma.

"Huko nyuma abiria watatufuata kwa kunusa?" akauliza Ndaki, mwenyekiti wa bajaji, Msukuma mrefu anayejikunja mara mbili kuingia kwenye chombo chake mwenyewe. Yeye alikuwa na la tatu: barabara kuu iwe ya upande mmoja, magari yatoke mjini kwa lami na kuingia mjini kwa barabara ya nyuma.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Injinia akasema vizuri kabisa: tujaribu moja wiki hii, jingine wiki ijayo, halafu la tatu, tulinganishe. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nikajua tumemaliza.

Gratien akasimama. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa: hawezi kumnyima mtu. Ukimkuta na kuku mmoja na wageni watano, atawaahidi wote mapaja.

"Ndugu zangu, tusigombane," akasema. "Tutafanya yote matatu. Jumamosi hii, siku moja."

"Shemeji," nikasema, "ukimeza dawa tatu kwa mpigo, ukipona hujui iliyokuponya. Na ukifa, hatujui iliyokuua."

Wakacheka, wakapiga kura, ikapita. Hakuna aliyeniuliza kitu tena.

Tukiwa njiani kurudi ndipo akaniambia siri yake. Jumamosi hiyo ndiyo harusi ya Spès. Alitaka barabara iwe nyeupe, msafara upite na matarumbeta yake, uzunguke kipilefti mara tatu watu waone.

Sasa elewa hiyo Jumamosi ilikuwaje. Ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresima, na Kwaresima hakuna ndoa. Mapadre wengine walikuwa mafungoni, amebaki Padre Deusdedit peke yake, naye saa sita mchana lazima aondoke kwenda kigango cha Magamba, kisha vigango vya mbele, asirudi mpaka Jumatano ya Majivu. Tukimkosa, ni kungoja Pasaka. Na Spès hakuwa na nafasi ya kungoja Pasaka. Fundi alikuwa ameshaachia mshono wa gauni mara mbili.

Jumamosi tukapanda Noah iliyofungwa maua: Gratien mbele na dereva, nyuma mimi, dada yangu na bibi harusi. Mbele yetu kirikuu imebeba matarumbeta. Tukatoka getini, tukasimama.

Mchepuko ulikuwa unapita mbele ya nyumba. Malori yote ya mkoa, nadhani na mengine ya jirani, yalikuwa yamejipanga hapo. La kwanza, semi ya mpunga, limezama kwenye tope la kalavati mpaka ekseli. Mvua ya juzi yake haikuwa kwenye ramani ya injinia.

"Baba Spès," dada akasema, "hii ndiyo barabara nyeupe?"

"Tupite vichochoroni, tutokee kwenye lami."

Tukapita, kirikuu ikikwangua michongoma ya watu, wapiga tarumbeta wakiinama chini ya kamba za nguo. Tukatokea kwenye lami, kwenye kipilefti. Hapo kulikuwa na trafiki, binti mdogo mwenye glovu nyeupe. Akanyoosha mkono.

"Mzee, huku hamuingii. Ni upande mmoja, wa kutoka mjini."

"Afande, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati iliyopanga!"

"Hongera, mzee. Basi uwe wa kwanza kutii. Zunguka barabara ya nyuma."

Matarumbeta walidhani tumesimama ili wapige. Wakapiga. Gratien akashusha kioo akawatukana kwa Kirundi, na hawakusikia, maana ndiyo kazi ya tarumbeta.

Tukaingia barabara ya nyuma. Nani alikuwa huko? Bajaji. Zote. Zimehamishwa asubuhi hiyo hiyo, zimejaa kama maharage kwenye debe, na Ndaki amesimama juu ya tairi la akiba anapiga filimbi.

"Ndaki!" nikaita. "Tupishe, tuna bibi harusi!"

"Nizipeleke wapi, babu? Nizikunje nizitie mfukoni?"

Nyuma yetu yakaja magari mengine. Hatuendi, haturudi. Simu ya Gratien ikalia. Ni Ngolo, baba wa bwana harusi, ambaye sauti yake haihitaji simu.

"Mkwe! Mmebadili mawazo? Kijana wangu Nkwabi amesimama hapa altareni kama mlingoti!"

"Foleni, mkwe wangu."

"Foleni ya Mpanda? Ng'ombe zangu zilifika kwako kwa miguu, hakuna hata moja ilichelewa! Padre anafunga mizigo!"

Gratien akazima simu. Athanasie akamshika Spès mkono, akasema kwa ukali ule wa mtu anayetaka kulia, "Pasaka hili gauni tutalifungia nini? Kamba ya ndama?"

"Mama, punguza sauti, dereva anasikia."

"Asikie! Kwani hana macho?"

Dereva akakohoa, akapangusa dashibodi iliyokuwa safi.

Mimi nilikuwa nimechoka na wote. Nikafungua mlango. "Mwanangu, shuka. Nimetembea kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba mpaka huku nikiwa mtoto, hakuna foleni iliyonishika."

Spès akavua viatu, akamkabidhi mama yake, akakusanya gauni. Tukaanza kupenya kati ya bajaji, mimi mbele, naye nyuma, Gratien akiinua mkia wa shela usifute grisi, dada yangu na viatu mkononi. Matarumbeta wakaruka kutoka kwenye kirikuu wakatufuata. Madereva wa bajaji walipoona hivyo wakazima injini, wakashuka, wakaanza kushangilia. Hapo ndipo foleni ilipokufa kabisa, maana sasa vyombo havikuwa hata na watu.

Jua lilikuwa utosini. Nikasikia kengele ya kanisa, ya saa sita. Spès akasimama.

"Mjomba, ameshaondoka."

  Nikavuta mkono wake tukaendelea, kwa sababu kusimama kulikuwa kubaya zaidi.

Tulipenya kama nusu saa, tukakuta pikapu imeelekeza pua kwetu, imekwama kati ya bajaji na ukuta. Ndani yake, mishipa ya shingo imemtoka kwa hasira, Padre Deusdedit, na sanduku la misa mapajani.

"Padre!" Athanasie akapiga kelele. "Si huku ni kuingia tu? Wewe ulikuwa unatoka!"

Padre akaona aibu kidogo. "Malori yaliyoshindwa tope yamerudi yameziba lami yote. Nikaona nichomekee huku." Kisha hasira ikamrudia. "Ni nani amepanga uchafu huu?"

 Tuligeuka wote, mpaka wapiga tarumbeta, tukamtazama Gratien aliyeshika mkia wa shela.

"Gratien mwanangu," padre akasema taratibu, "wewe tutaonana kwenye kitubio."

Akamtazama Spès, miguu yake yenye vumbi, gauni lile. Padre naye ana macho. Akateremka, akampa dereva wake sanduku.

"Twendeni. Magamba watanisamehe. Labda."

Wakafunga ndoa saa nane kasorobo, kanisa limejaa madereva wa bajaji wasioalikwa, nao ndio walioimba kwa nguvu kuliko kwaya. Nkwabi alikuwa ameloa jasho suti nzima. Magamba walimngoja padre mpaka jioni, akaenda kesho yake, akapokewa kimya kimya. Sisi tulikuwa tunakula pilau. Hilo bado linanikera.

Kikao cha kulinganisha kikaitwa Jumatano. Nilidhani Gratien atajiuzulu. Alisimama anatabasamu.

"Ndugu zangu, mpango umefaulu. Bila foleni ile padre angeondoka, na binti yangu asingeolewa. Hayo ni matokeo."

"Sawa, mwenyekiti," Ndaki akasema. "Ila tuambie, ni upi kati ya mitatu ndio ulimzuia padre? Tuuchukue huo."

Injinia akasema tope la mchepuko. Skolastika akasema bajaji. Ndaki mwenyewe akasema upande mmoja, kwa sababu ni wake. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kisha Gratien, asiyeweza kumnyima mtu, akawapa wote haki, akaunda kamati ndogo ya kuchunguza.

Nimeshakata tiketi ya treni. Nitakwenda stesheni kwa miguu.