Kidole cha Bolduc

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kule Saskatchewan, Kanada, habari hii wanaitia chumvi. Mimi Walter Hryniuk nilikuwa beki wa mpira wa magongo wa barafuni kwa miaka kumi na minne, timu kumi na moja, na kipaji sikuwa nacho. Nilikuwa na ngumi. Ukimgusa mfungaji wetu, mimi nakung'oa meno, basi, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Meno yangu manne yalibaki kwenye barafu ya mji wa Moose Jaw, na pua sijui imevunjika mara ngapi.

Lakini hata sisi wapiganaji tulikuwa na heshima zetu. Humrukii mtu kwa nyuma. Unamwendea, unamuuliza, "Tuanze?" Akikubali mnatupa glovu chini, mnatwangana mpaka mmoja aanguke. Akikuambia ameumia, unamwacha, kwa sababu siku yako nawe itafika.

Februari ninayoisimulia nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kabla ya mechi, kocha wetu Ferris aliniita ofisini kwake, hata kiti hakunipa.

"Walt, nimepata beki kijana kutoka Sudbury. Anafika Jumatatu. Mmoja wenu atabaki."

"Nifanye nini?"

"Bolduc. Mvunjevunje Bolduc leo, ubaki. Ukishindwa, fungasha."

Mke wangu Doreen ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kufungua maboksi. Alikuwa ameniapia kwamba mji wa kumi na mbili nitauona peke yangu, na Doreen akiapa ameapa.

Gaétan Bolduc alikuwa pande la mtu kutoka Quebec, mpiganaji wa wapinzani wetu wa siku hiyo. Tulipokuwa tunapasha misuli, akateleza taratibu mpaka mstari wa katikati, akainama karibu nami, anajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Mzee Walt, kidole gumba changu cha kulia kimevunjika. Kocha wangu hajui. Leo niache, tafadhali. Wiki ijayo tukirudiana tutapigana utakavyo."

"Haya, nimekusikia," nikamwambia. Nililitamka kabisa, kwa mdomo wangu huu huu.

Kipindi cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, Ferris ananikodolea macho tu. Cha tatu akanishika jezi pale benchini, akanong'ona, "Doreen anapenda kuhamahama, eh?" Mshenzi yule! Lakini mshenzi zaidi ni mimi, maana nilinyanyuka.

Bolduc alikuwa anakifuata kile kisahani cha raba, ndio mpira wetu, kwenye kona, amenipa mgongo. Sikumuuliza kitu. Nikambamiza ukutani, nikatupa glovu, nikamvuta jezi ikamfunika kichwa.

"Walt! Si nilikuambia!"

Nikampiga ya jicho. Akajikinga kwa mkono wa kulia, nami nikaudaka mkono ule ule, nikaukunja. Nilikisikia kidole kikivunjika upya. Nikampiga tena, na tena, damu yake ikanirukia mdomoni. Alipoanguka nikamkalia kifuani, nikaendelea kushusha ngumi mpaka marefa wawili wakanibandua juu yake. Na uongo wa nini? Kwa dakika ile nilifurahia.

Mashabiki elfu tatu wakasimama wanaliimba jina langu. Kwa kawaida ukitoka kwenye ngumi, wenzako hugonga magongo yao ubaoni kukupongeza. Nikapita mbele ya benchi letu, hakuna aliyegonga gongo. Kapteni wetu Lorne Pickering, mfungaji niliyemlinda tangu msimu uanze, alikuwa anatazama viatu vyake.

Ferris alitimiza ahadi. Kijana wa Sudbury akapelekwa kwingine, Doreen akaoka pai kwa furaha, nami nikaiacha kwenye sahani.

Jumamosi iliyofuata tulicheza kwao Bolduc. Mwenyewe alikaa jukwaani, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Mechi haijatimiza dakika moja, wenzake wawili wakanirukia kwa nyuma. Hakuna "tuanze" wala nini. Mmoja akanibana mikono, mwingine akawa anashusha tu, jicho, mbavu, jicho tena. Nikamwita Lorne. Nikamwita mara ya pili. Nilimwona kwa jicho lililobaki wazi, amesimama hatua tano kutoka kwangu, ameegemea gongo lake, anangoja refa apulize filimbi.

Walipoondolewa, akasogea.

"Lorne, ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Si ulitaka kubaki, Walt? Umebaki."

Akaenda zake. Nikajizoazoa mwenyewe, nikateleza mpaka benchini huku natema damu. Wenzangu wakasogea mmoja baada ya mwingine, wakaniachia nusu ya benchi nikae peke yangu.